Kimya cha Siku Kumi na Nne

Kwetu Hegdal, kaskazini mwa Minnesota, mtu akitaka kukukatalia hasemi hapana. Anatazama dirishani. Umemwomba akuuzie trekta, akageuza uso akatazama dirishani, basi umeshajibiwa. Chukua kofia yako uende. Nimemwona kwa macho yangu wakala wa bima akimweleza mzee Nygaard faida za bima ya mvua ya mawe, na mzee Nygaard akatazama dirishani muda mrefu hata theluji ya uani ikayeyuka, nyasi zikaota, na wakala akaondoka kwa baiskeli ilhali alikuja kwa gari la theluji. Baiskeli nilimwazima mimi, na mpaka leo hajairudisha.

Kwa hiyo Verlyn Aasgaard hakufanya ajabu yoyote mwishoni mwa Oktoba alipoitwa shuleni kuzungumzia mambo ya binti yake. Walikuwa watu saba upande mmoja wa meza, kila mtu na faili lake, na yeye upande wa pili, na kofia yake magotini. Maren ana miaka kumi. Ana usonji, hasemi kwa mdomo. Akitaka kitu hugusa picha kwenye kishikwambi chake nacho kikamsemea. Wale saba wakamweleza Verlyn kwa upole kwamba tangu Septemba mtoto amebadilika. Anajing'ata mikono mpaka damu. Somo la kwanza lote anapiga kelele. Shule ndogo kama ya Hegdal imefika mwisho wa uwezo wake, wakasema, na pendekezo lao ni kumhamishia Fossvik, maili sitini, kwenye darasa la watoto wa aina yake. Gari dogo lingemchukua saa kumi na mbili na robo asubuhi na kumrudisha giza limeshaingia.

Verlyn akatazama dirishani. Alitazama robo saa nzima, kisha akavaa kofia akaenda kukamua ng'ombe wake, akijua amekataa.

Kwenye kumbukumbu za kikao wakaandika: mzazi hakutoa pingamizi.

Zamani haya yasingetokea. Mkewe, Corrine, ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba ile. Alikuwa akiingia kwenye vikao na faili la buluu kwapani, na walimu wakikaa wima. Alifariki Machi, miaka mitatu iliyopita, na tangu siku hiyo kwenye ile nyumba ya mwisho wa barabara ya changarawe hakukuwa na anayezungumza ila kishikwambi.

Mimi nilikuwa dereva wa basi la shule miaka ishirini na sita, na Maren nilimbeba mitano kati ya hiyo. Kila mwaka shule huwapa wazazi wa watoto kama yeye kijitabu cha haki zao, kurasa arobaini na mbili za maandishi madogo kama mayai ya chawa. Watoto hukitia kwenye begi, begi hufunguka, kijitabu huishia chini ya kiti cha basi. Nimeviokota kwa mamia. Saa za kungoja kengele ni nyingi, redio ya basi ilikufa tangu mwaka wa pili, nami nikavisoma. Hicho ndicho chuo changu kikuu. Nilipostaafu mwezi wa sita nilibandika tangazo kanisani kwamba kila Jumatano jioni Orrin Skogstad atakaa ukumbi wa chini na birika la kahawa, na mzazi yeyote mwenye barua ya shule asiyoielewa aje nayo. Mpaka katikati ya Novemba walikuwa wamekuja wawili. Mmoja alikuwa akiuza tiketi za bahati nasibu.

Hawakuja kwa sababu wananijua. Mimi ndiye niliyewaambia watu kwamba ule mwaka barabara ilipozikwa na theluji niliendesha basi juu ya ziwa, na samaki mmoja mkubwa akanifuata chini ya barafu kila asubuhi mpaka shuleni, hata akaandikishwa darasa la tatu na kufaulu hesabu. Mtu wa namna hiyo huendi kumwuliza habari za sheria.

Walinibakisha kwenye orodha ya madereva wa akiba. Gaylen, dereva aliyechukua njia yangu, akiumwa mgongo au jino, simu yangu hulia saa kumi na moja alfajiri. Sitaficha: kuna majira nilimwombea Gaylen jino libaya.

Alhamisi ya tarehe kumi na sita Novemba simu ililia. Nikaenda gereji ya mabasi kuchukua funguo, na kwenye ubao wa njia nikaliona jina la Maren. Lilikuwa limefutwa kwenye njia yangu na kuandikwa kwa wino mwekundu kwenye orodha ya gari la Fossvik, kuanzia Jumatatu tarehe ishirini.

Siku ile nilipomaliza safari ya jioni nilikwenda moja kwa moja kwa Verlyn. Nilimkuta jikoni, amekaa mbele ya sahani ya viazi, Maren yuko sakafuni anapanga vijiko kwa urefu wake. Nikamwuliza amekubali lini mtoto apelekwe Fossvik.

"Nilikataa," akasema.

"Ulikataa kwa mdomo gani?"

Akafikiri. "Walikuwepo wote, mzee. Waliniona."

Nikaomba anioneshe karatasi zote zilizokuja kwa posta. Akatoa bahasha iliyokuwa imebanwa kwenye friji kwa sumaku. Ilifika Jumamosi tarehe nne, siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda paa, siku ambayo wilaya yetu nzima hata daktari hapatikani, sembuse mtu wa kusoma barua. Aliifungua baada ya siku tatu. Ndani mlikuwa na notisi, na ukurasa wa mwisho una visanduku viwili, nakubali na sikubali, na mahali pa sahihi. Hakutia alama popote, akairudisha kwenye friji. Kwa akili yake, karatasi isiyotiwa sahihi ni kama ng'ombe asiyelipiwa: haondoki zizini.

Nikamtolea kijitabu mfukoni na kumwonesha ukurasa wenyewe. Kwa mtoto ambaye tayari yuko kwenye mpango wa elimu maalumu, jimbo letu limeamua hivi: shule ikitaka kubadilisha jambo, inamletea mzazi notisi, na mzazi asipopinga kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne tangu aipokee, shule inaendelea. Kunyamaza ni kukubali. Alisoma mstari ule, akarudi juu, akausoma tena kwa kidole.

"Nani aliandika kitu kama hiki?" akauliza.

"Mtu asiyekuwa wa Hegdal."

Siku kumi na nne zingeisha Jumamosi. Ofisi hufungwa Ijumaa. Nikamwambia alete kalamu. Mimi nilikuwa na barua tayari kichwani, kurasa nne, ikianzia kwa waasisi wa taifa. Verlyn aliinama juu ya karatasi muda wa kumaliza birika zima la kahawa, na alipoinua kichwa alikuwa ameandika: Sikubali Maren apelekwe Fossvik. Naomba kikao. Verlyn Aasgaard, baba. Nikaitazama nikaona haina pa kuongeza. Nililazimisha tu tarehe.

Alipokuwa akiikunja, alisema, bila kunitazama, kwamba maili sitini asubuhi na maili sitini jioni ni kama kumpeleka mtoto kuishi mahali pengine na kurudi kwake kulala tu. Kisha akasema labda anasema hivyo kwa ajili yake mwenyewe, maana mtoto akiondoka nyumba itabaki na yeye na mashine ya kukamulia. Akaniuliza kama sheria inauliza hilo. Nikamwambia sheria inauliza mtoto anahitaji nini. Akaitikia kwa kichwa. Nilitaka kumwambia kwamba nyumba ya mtu mmoja naijua, kwamba mimi huwasha televisheni ya jikoni na ya sebuleni kwa pamoja ili zigombane. Nikamwambia badala yake asisahau kutoa nakala.

Ijumaa asubuhi tulikwenda pamoja. Nilimfanya karani agonge mhuri wa tarehe kwenye barua na kwenye nakala yetu, kwa sababu barua isiyo na mhuri huwa na tabia ya kupotea. Karani akasema, "Mzee Orrin, na wewe umekuwa wakili?" Nikamjibu kwamba uwakili niliuacha zamani, nilikuwa nashinda kesi mpaka mahakimu wakaanza kulia. Lakini mambo yakawa kama kijitabu kilivyosema. Uhamisho ukasimama palepale, na kikao cha suluhu kikapangwa ndani ya siku kumi, Jumatatu tarehe ishirini na saba.

Katikati hapo palikuwa na sikukuu ya Shukrani, siku ambayo watu hula bata mzinga pamoja na jamaa zao. Mimi nilikula bata mzinga wa kwenye boksi, wa kupasha moto, peke yangu. Baadaye nilikuja kujua kwamba Verlyn na Maren nao walikula hivyohivyo, maili nne kutoka kwangu kwenye barabara ileile, na Verlyn hakunialika kwa kuwa alidhani nina wageni. Mimi nilidhani hivyo juu yake.

Sheria inamruhusu mzazi kuja na mtu yeyote anayemjua mtoto, ndivyo nilivyoingia chumba kile. Nilikuwa nimemfundisha Verlyn mambo mengi. Asiogope ukimya. Akikwama anitazame. Nilisahau jambo moja kubwa, nalo ni kuomba kumbukumbu za mtoto tuzisome mapema; ni haki yake, iko ukurasa wa tisa. Mwalimu wa Jumatano anayejisifu akasahau ukurasa wa tisa.

Mkurugenzi wa elimu maalumu wa wilaya, Bi Dahlgren, si mtu mbaya. Alikuja na biskuti. Alieleza kwamba Fossvik kuna mtaalamu wa usemi kila siku, ilhali kwetu huja mara moja kwa wiki mbili, na kuna chumba tulivu, na walimu waliosomea. Kisha akamwuliza Verlyn, kwa heshima, sababu ya kupinga.

Verlyn akatazama dirishani.

Watu wakasubiri. Nje palikuwa na egesho tupu na tingatinga la theluji. Akajitahidi, nikauona mdomo ukifunguka, na halikutoka neno. Kisha akanitazama mimi.

Nikavuta pumzi, na kabla sijaanza Bi Dahlgren akatabasamu. "Mzee Orrin, hii nayo ina samaki ndani?"

Meza nzima ikacheka, na mimi nikacheka nao. Ili nipate muda wa kujipanga, nikaomba kuona hiyo karatasi ya mwalimu Roisum, mwalimu wa Maren, waliyokuwa wakiitaja, inayoonesha siku mbaya. Mwalimu Roisum akaisukuma mezani. Alikuwa amechora miraba, mraba mmoja kwa kila siku ya shule tangu Septemba. Siku ambazo Maren alifika na majeraha mkononi, au alipiga kelele somo la kwanza, aliupaka mraba rangi nyekundu. Karatasi nzima ilikuwa nyekundu. Humo mlikuwa na miraba myeupe tisa tu, imetawanyika kama meno ya mzee.

Nikasoma tarehe za ile myeupe. Kumi na mbili Septemba. Gaylen alikwenda kung'olewa jino. Tatu na nne Oktoba, mgongo wa Gaylen. Kumi na sita Novemba, juzi tu, wino mwekundu ubaoni. Nikaendelea mpaka wa tisa, ingawa nilikuwa nimeshajua kwenye wa pili.

Nitaeleza. Kwenye karatasi rasmi ya njia ile, Maren ndiye wa kwanza kuchukuliwa, saa moja kasoro dakika tano, na anakaa ndani ya basi karibu saa nzima. Majira ya baridi ya kwanza niliyombeba niligundua kwamba anaweza safari ya dakika thelathini na tano. Mpaka hapo ametulia, anahesabu nguzo. Ikipita hapo anaanza kujitikisa, kisha anaupeleka mkono mdomoni, na anauma kweli. Siku ya tatu niliona damu kwenye kiti. Nikaizungusha njia. Nikaanza na upande wa Nygaard, nikamchukua Maren mwishoni, saa moja na dakika ishirini, tukafika shuleni baada ya dakika thelathini na moja. Sikumwomba mtu ruhusa. Leland, mkuu wa usafiri, ruhusa zake huchukua mwaka, na nilijiona mjanja. Kwenye daftari la safari niliandika kila siku kama karatasi rasmi inavyotaka: Maren wa kwanza, saa moja kasoro dakika tano. Miaka mitano. Siku nilipostaafu nilimkabidhi Gaylen funguo na karatasi rasmi, nikamsimulia kisa cha dubu aliyeomba lifti, na sikumwambia habari ya njia.

Gaylen ni mtu mwaminifu. Anafuata karatasi. Mimi, kila nilipoitwa kama dereva wa akiba, niliizungusha njia kama zamani.

"Haina samaki," nikasema. "Hiyo miraba myeupe ni mimi."

Nikawaeleza yote kama nilivyoyaeleza hapa, ila kwa maneno machache. Sikuongeza hata punje. Nilipofika kwenye daftari niliona kalamu ya Bi Dahlgren imesimama.

"Unasema kumbukumbu za safari za miaka mitano ni za uongo?"

"Zote. Mafuta tu ndiyo ya kweli."

"Na ulikuwa ukijua anajing'ata kwa sababu ya safari ndefu."

"Nilijua akiwa wangu. Alipoacha kuwa wangu, sikufikiri tena. Nilikuwa najihurumia kustaafu."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Roisum aliivuta karatasi yake, akaanza kuweka alama ya penseli kwenye ile myeupe, mmoja mmoja, akilinganisha na orodha ya madereva kwenye kompyuta. Ilipolingana yote tisa alifunika mdomo kwa kiganja. Kwa miezi mitatu alikuwa akibadilisha taa za darasa, viti, rangi za ukutani, akitafuta kinachomtesa mtoto, na kinachomtesa kilikuwa kimeshamaliza kazi kabla hajafika mlangoni.

Bi Dahlgren akasema jambo ambalo lilinionesha kwamba kazi yake anaijua. Alisema kumbe walikuwa wakitaka kumtibu mtoto wa safari ya saa moja kwa safari ya saa moja na nusu. Akaliondoa pendekezo la Fossvik. Usafiri nao unaweza kuandikwa ndani ya mpango wa elimu wa mtoto, ukawa amri kwa shule na si hisani ya dereva, akauandika: Maren achukuliwe mwisho, safari isizidi dakika thelathini na tano. Mtaalamu wa usemi aje kila wiki. Watazame tena mwezi wa tatu. Akamgeuzia Verlyn karatasi na kumwambia asisaini leo, aende nayo nyumbani aisome. Verlyn akaisoma palepale, neno kwa neno, akatia alama kwenye nakubali, akaandika jina lake lote.

Nje, kwenye egesho, nilimwambia twende mgahawani tukanywe kahawa, nalipa mimi. Alikuwa ameshika mlango wa gari lake la mizigo. Alitazama upande wa tingatinga muda mrefu, na nilidhani nimeshajibiwa.

"Kila jioni nilikuwa namfunga bandeji," akasema. "Ungeniambia, mzee."

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kunipa kwa mara moja. Ningeweza kumwambia kwamba basi lilianza kufika kwake dakika ishirini na tano mapema naye hakuniuliza. Neno hilo lilikuwa ulimini. Nililimeza, likashuka na miba yake yote. Akaondoka, ng'ombe hawangojei.

Ijumaa ile nilipata barua ya Leland. Sikuhitaji kijitabu kuielewa. Jina langu limetolewa kwenye orodha ya madereva wa akiba kwa kughushi daftari la safari, na niirudishe fulana ya manjano ya kuakisi taa. Alikuwa na haki. Niliifua fulana, nikaipeleka, Leland akaipokea na kuuliza habari za kisima changu.

Sasa ni Desemba. Bado naamka saa kumi na moja, maana mwili haukupata nakala ya barua. Simu iko mezani na haina la kusema. Saa moja na nusu hivi basi linapita mbele ya nyumba yangu, Gaylen usukani, Maren nyuma yake upande wa dirisha, uso umegeukia nguzo za umeme. Hanipungii mkono; si jambo analofanya. Na mimi sitoki nje, nasimama nyuma ya pazia na kikombe changu kama jirani mbeya. Kisha natazama saa ya ukutani mpaka ifike saa mbili kasoro dakika tisa, ndipo naosha kikombe.

Mwalimu Roisum alinipigia mara moja. Miraba yote ni myeupe tangu tarehe nne. Nilimwambia kuna wakati nilikuwa na kalenda nyeupe kiasi kwamba sungura walizaliana ndani yake. Alicheka kidogo, akasema darasa linamsubiri.

Jumanne iliyopita niliufungua mlango kuchukua gazeti nikakuta chupa ya maziwa kwenye ngazi, ile ya kioo ya galoni moja wanayotumia kwa Aasgaard. Yalikuwa yameganda yote, yamekisukuma kifuniko juu kama kofia. Hakubisha hodi. Nilitazama barabarani nikaona alama za matairi ya gari la mizigo zimeingia uani kwangu na kutoka. Katikati yake, pale ambapo bomba la moshi lilikuwa, theluji ilikuwa imeyeyuka mpaka kwenye changarawe, shimo kubwa kama beseni la kuogea. Kwa baridi ile, shimo la namna hiyo linataka injini iwake mahali pamoja nusu saa.

Nikayaingiza maziwa ndani, nikayaweka karibu na jiko.